Siri ya Mgonjwa Namba Arobaini na Moja

Asubuhi ya siku ya majibu, Mizani alivaa gauni la bluu akalivua, akavaa sketi ya kazi akaivua, kisha akalirudia gauni la bluu na kujionea aibu mbele ya kioo. Koti jeupe la maabara lingefunika yote hayo, sasa alikuwa anamvalia nani? Jibu alilijua. Mgonjwa namba arobaini na moja hakuwa na nguvu za kutembea mwendo mrefu tangu alipolazwa, kwa hiyo lazima angeletwa na mwanawe. Na mwanawe huyo, Mizani hakuwa amemtia machoni kwa miezi mitano.

Jina la Mizani alibandikwa na wenzake kazini, kwa jinsi alivyokuwa haachi kitu kipite bila kukipima. Yeye ndiye aliyesimamia majani yakikaushwa kivulini, yakisagwa, yakichujwa na kutiwa kwenye vidonge. Kidonge kikizidi uzito hata kwa vumbi la ncha ya kisu, alikirudisha. Mti wenyewe watu waliuita mchungu tu, hawakuhangaika kuutafutia jina jingine, maana ukishauonja mara moja hutausahau.

Aliyeuleta mti huo maabara hakuwa mtafiti. Alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Majani. Alirithi kazi ya tiba kwa mama yake, na wenye ugonjwa wa sukari walimfuata kutoka mbali. Mwenyewe pia alikuwa na sukari. Lakini alikuwa na sheria moja ambayo hakumruhusu mtu kuivunja: mgonjwa anayekunywa dawa yake asiache vidonge vya hospitali. "Majani yangu mkono wa kushoto, vidonge mkono wa kulia," alikuwa akiwaambia. "Umewahi kumwona nani akifua nguo kwa mkono mmoja?" Siku alipoingia ofisini kwa Daktari Mkuu na gunia lake, alipoulizwa anataka nini hasa, alijibu kwamba amechoka kuamini. Sasa anataka kujua kwa hakika.

Ndivyo jaribio lilivyoanza. Walipatikana watu tisini na sita, wote wenye sukari, wote wakiendelea na vidonge vyao vya kila siku. Nusu yao waliongezewa vidonge vya mchungu. Nusu nyingine walipewa vidonge vya kijani vile vile, ila ndani yake mlikuwa na unga usio na dawa yoyote. Nani anameza nini, hakuna aliyejua, si mgonjwa wala mpimaji. Orodha ilifungwa kwenye bahasha, ikawekwa kwa mtu wa nje. Mama Majani alishikilia naye aandikwe. Alisema hawezi kuwapa watu kitu halafu yeye akae pembeni akitazama. Akaandikwa, namba arobaini na moja, akaahidi kutokunywa mchungu wake wa nyumbani kwa muda wote wa jaribio.

Kijana wake alikuwa seremala. Aliitwa kutengeneza rafu za kukaushia majani, na siku ya kwanza alihitaji mtu wa kumshikia ncha ya futi. Mizani ndiye aliyekuwa karibu. Walipima ukuta mmoja mara nne, na kila mara vipimo vilikataa kufanana, kwa sababu mmoja wao alikuwa hatazami ukuta. Rafu zilikwisha ndani ya wiki mbili, lakini fundi hakuisha. Leo alikuja kukaza misumari, kesho kupiga msasa, keshokutwa kuangalia kama mbao zimejikunja. Wenzake Mizani wakaanza kuuliza rafu zina ugonjwa gani hata kila wiki zinatibiwa.

Upendo wao ulinoga haraka, na pingamizi nazo hazikuchelewa. Baba yake Mizani, mwalimu mstaafu, alisema hakumsomesha mtoto mpaka akavaa koti jeupe ili aende akachemshe mizizi kwa mama mkwe. Mama Majani naye, pamoja na ucheshi wake wote, alinuna. Alimwambia mwanawe kwamba msichana anayepima jani kwa mizani ya dhahabu, siku moja atampima na yeye, amkute amepungua uzito.

Wiki ya saba ya jaribio, mambo yakaharibika. Mizani aliona kwenye daftari namba za Mama Majani zikipanda, kisha akaona hakuja kupimwa. Hakungoja. Akaenda nyumbani kwake kwa miguu, akamkuta ameketi sakafuni na jagi la maji, midomo imekauka, maneno yanamtoka mazito kama mtu anayeongea usingizini. Alimtoboa kidole. Mashine haikutoa namba, iliandika tu kwamba sukari iko juu kupita inavyoweza kusoma. Mizani akampakia kwenye teksi akimwegemeza begani kwake, na njia nzima alimsemesha asije akalala.

Siku ya tatu wodini, dripu ikiendelea, Mama Majani alimshika mkono akamvuta karibu.

"Binti, sikuwa nameza vidonge vya hospitali," alisema kwa sauti ndogo ambayo Mizani hakujua kama anayo. "Tangu siku ya kwanza ya jaribio. Nilitaka mti wangu ushinde peke yake."

Mizani alisogeza kiti karibu.

"Mwambie daktari kama ni lazima. Lakini mwanangu asijue. Watu ninaowakemea kila siku wakijua, nitaweka wapi uso?"

Mizani alimwambia Daktari Mkuu, kwa sababu matibabu yalihitaji, na namba arobaini na moja ikatolewa kwenye jaribio. Zaidi ya hapo alifunga mdomo.

Jioni ile ile seremala alimngoja getini. Hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka. Alimkumbusha kwamba yeye Mizani ndiye aliyemhakikishia kuwa mama yake atakuwa salama, kwamba kila wiki atapimwa, kwamba hakuna kitakachoharibika bila wao kujua. Sasa ilikuwaje? Walimpa nini? Mizani alikuwa na jibu la maneno kumi, na jibu hilo lingemrudisha mwanaume huyu kifuani kwake papo hapo. Alimtazama macho yale mekundu kwa kukesha, akajibu kwamba anampa pole, lakini hawezi kueleza. Seremala akasubiri kidogo, akaona haliongezwi neno. Akaitikia kwa kichwa kama mteja aliyeambiwa bei asiyoiweza, akaondoka. Hakurudi tena kukaza misumari.

Miezi mitano. Mizani alimaliza jaribio, akahesabu, akahakiki, akaandika. Alipokuwa hapimi kitu alikuwa akisikiliza getini.

Siku ya majibu ikafika. Kabla ya mkutano, kila mgonjwa aliitwa peke yake kwenye chumba kidogo kuambiwa alikuwa kundi gani. Mama Majani aliingia akitegemea fimbo, amepungua mwili, lakini kilemba amekifunga kwa mtindo ule ule wa kuwashinda wenzake. Mwanawe alibaki nje ya mlango. Mizani aliona kiwiko chake tu, na moyo ukampiga kwa kiwiko hicho kama kwamba ni uso mzima.

"Soma," Mama Majani alisema. "Miwani yangu inanidanganya."

Mizani alifungua bahasha iliyotoka kwa yule mtu wa nje. Yeye mwenyewe hakuwa anajua. Alisoma kwa macho kwanza, kisha kwa sauti. "Namba arobaini na moja. Vidonge visivyo na dawa."

Mabega ya Mama Majani yakaanza kutikisika. Mizani akadhani analia, akanyoosha mkono. Kumbe anacheka.

"Unga," alisema. "Nilimeza unga, binti yangu, na kila asubuhi nikawaambia majirani, leo nauhisi mchungu unatembea mpaka vidoleni." Akafuta macho. Kicheko kilipokatika alibaki na uso mwingine, wa mtu mzima aliyechoka. "Bila vidonge, bila mti. Nilikuwa natembea na kifo mkono kwa mkono, nakiita dawa. Na wewe ukaja kwa miguu."

Aliinuka bila kungoja jibu, akatoka.

Ukumbini Daktari Mkuu hakuzunguka. Aliwashukuru wote kwa vidole vyao vilivyotobolewa mara zisizo na idadi, kisha akasema lililopatikana. Waliomeza mchungu, sukari yao ilishuka kuliko ya waliomeza unga. Ilishuka kweli, si kwa bahati, lakini ilishuka kidogo. Mti unasaidia juu ya vidonge, haukai mahali pa vidonge. Inabidi upimwe tena, kwa watu wengi zaidi na kwa muda mrefu. Na lolote litakalotokana na mti huo, jina la nyumba ya Mama Majani litakuwamo, na haki yao pia, kwa maandishi yaliyokwisha kuwekwa sahihi.

Mzee mmoja aliyeketi mbele akanyoosha mkono. Alitaka kujua, kwa kuwa mti umefaulu, je, mtu jasiri hawezi kuutumia mti huo tu, akapumzika na haya madawa ya kila siku?

Daktari Mkuu alifungua kinywa, lakini Mama Majani alikuwa amekwisha kusimama.

"Nimjibu mimi," alisema. "Asiache mtu vidonge vyake. Mnanijua, nimewaambia hivyo miaka yote. Sasa nisikilizeni ninavyowaambia kwa mara ya kwanza kwa kweli." Alishika kiti cha mbele yake. "Mimi niliacha. Niliingia kwenye jaribio hili nikaficha vidonge vya hospitali, nikidhani nina dawa yangu tumboni. Nikaugua nusura nife. Mkasikia kwamba maabara imeniharibu. Haikuniharibu maabara. Nilijiharibu mwenyewe, na aliyeniokoa ni yule pale."

Watu wote wakageuka. Mizani alitamani sakafu ifunguke.

"Huyo binti nilimwambia siri yangu kitandani, nikamwomba asimwambie mwanangu. Hakumwambia. Mwanangu akamlaumu, akamwacha. Hata hivyo hakumwambia. Mimi nimetunza siri za wagonjwa tangu nikiwa msichana. Siri yangu mwenyewe sijawahi kutunziwa hivyo."

Akakaa. Aliyeuliza swali akavua kofia akaishika magotini, na hakuuliza tena.

Mizani alitoka kwa mlango wa nyuma. Alikwenda chumba cha kukaushia majani, ambacho sasa kilikuwa kitupu, rafu zimefagiliwa, harufu tu ya uchungu imebaki kwenye mbao. Alikuwa hajakaa vizuri juu ya kasha aliposikia hatua. Hakugeuka. Hatua hizo angezitambua sokoni.

"Siku ile getini," seremala alisema nyuma yake, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha niseme yote yale."

"Hukusema mengi, Fundi. Ulisema machache, ukaenda zako."

Seremala alizunguka akasimama mbele yake. Alikuwa amekonda, na shati alilovaa lilipigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, yaani yeye mwenyewe. Alimtazama kwa namna ambayo Mizani, miezi mitano hiyo, alikuwa akiiota mchana akiwa macho, lakini sasa ilipokuja aliona uzito kuipokea.

"Sentensi moja ingetosha," seremala alisema.

"Haikuwa sentensi yangu," Mizani akajibu. "Ningeitoa nikupate wewe, halafu ningewatazamaje wale wengine tisini na watano waliokuwa wananieleza mambo yao? Na wewe ungeoa mtu gani? Siku ungeniambia la kwako, ungelala usingizi?"

Seremala alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea rafu aliyoitengeneza kwa mikono yake.

"Siku mama alipotoka hospitali," alianza taratibu, "daktari wa wodi aliniambia kwamba angechelewa kufikishwa kwa saa chache, tungekuwa tunapokea rambirambi. Nikashukuru. Nilimshukuru yeye, nikawashukuru manesi, nikamshukuru mpaka aliyekuwa akipiga deki. Nikatoka kwenye jengo lile nikiwa nimemshukuru kila mtu isipokuwa aliyemleta. Nimekuja na asante iliyochelewa, Mizani. Sijui kama bado ina kazi."

Machozi yalimtoka Mizani bila ruhusa yake. Alimwambia seremala kwamba si hasira yake iliyomuumiza, maana mtu mwenye mama wodini ana haki ya kukasirika. Aliumia kwa kuwa seremala hakungoja. Siku ile alimwambia pole, siwezi kueleza, na yeye akaondoka kabla hajajiuliza kwa nini mtu anayepima kila kitu anyamaze kwenye jambo kama lile.

"Nilikuwa naogopa," seremala alisema. "Nikatafuta wa kumlaumu. Wewe ndiye uliyekuwa karibu, nawe nilijua hutanirudishia. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi."

Aliweka kiganja juu ya kasha, karibu na mkono wake, bila kuugusa. Mizani alikitazama kiganja kile chenye makovu ya randa. Akaweka mkono wake juu yake. Walikaa hivyo.

Fimbo ikagonga mlangoni.

"Mmemaliza kusameheana au nirudi?" Mama Majani aliuliza. "Semeni mapema, miguu inaniuma."

Mwanawe aliruka kumpa kasha jingine akae. Hakukaa. Alimtazama Mizani, na utani ukamtoka usoni.

"Kuna moja sikulisema ukumbini, maana si la wale, ni lako. Nilipoona mnaachana, nilijua sababu. Ningeweza kuzuia siku ile ile. Nikanyamaza, na si kwa aibu tu. Nilifurahi kidogo. Nilisema moyoni, majani yangu amechukua, angalau mwanangu ameniachia. Mungu anisamehe, na wewe ukiweza."

Hilo lilimwingia Mizani kuliko yote ya siku ile. Alifikiria asubuhi zote alizoamka na kifua kizito, na mama huyu akiwa nyumbani kwake anajua.

"Limeniuma, mama," alisema.

"Liume. Ningeshangaa lisingeuma."

Alisubiri, hakujitetea. Na kusubiri huko ndiko kulikomlainisha Mizani. Alimkumbuka alivyosimama dakika chache zilizopita mbele ya watu ambao heshima yake yote ilikuwa mikononi mwao, akaitoa yote, bila mtu kumlazimisha.

"Nakushukuru pia," Mizani alisema mwishowe. "Kwa ulichofanya leo. Hukuwa na lazima."

Mama Majani alimvuta kifuani, kilemba kikaenda upande, na hakukirekebisha.

Jumamosi walikwenda wote watatu nyumbani kwa baba yake Mizani. Njiani Mama Majani aliwaambia mwalimu wamwachie yeye, kwa kuwa kama mwalimu ana ulimi, yeye pia anao. Lakini walipofika, ulimi haukuhitajika sana. Mwalimu mstaafu alikuwa amekwisha kusimuliwa yote na binti yake kwa simu, mara mbili, na mara ya pili hakumkatisha. Alimkaribisha Mama Majani kwa adabu, akamshukuru kwa kumtendea haki Mizani mbele ya watu. Akakiri kwamba nyumba yenye mtu wa kusema makosa yake hadharani si nyumba ya kudharau, hata kama wanachemsha mizizi. Mama Majani akamwambia si mizizi, ni majani. Mwalimu akaomba radhi.

Kisha akamgeukia seremala, aliyekuwa bado amesimama karibu na mlango, mikono ameikutanisha mbele, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi.

"Kijana, hukumtukana mwanangu, nimeambiwa. Ulinyamaza ukaondoka."

"Ndiyo, mzee."

"Kunyamaza ukaondoka nako ni tusi."

"Nimelijua hilo, mzee. Nimelijua kwa miezi mitano."

"Na mtagombana tena. Nimeishi na mke miaka thelathini na minne, nakwambia mtagombana. Siku ukimkasirikia tena, utafanya nini?"

Mizani aliikaza mikono yake mapajani. Seremala alimtazama Mizani kwanza, macho yakatulia kwake kama kwamba chumba hakina watu wengine, ndipo akamrudia mzee.

"Nitakasirika," alisema. "Lakini sitaondoka. Nitakasirika nikiwa nimekaa pale pale, mpaka tumalize."

Mwalimu alimtazama binti yake, akaona anavyojizuia kutabasamu na anavyoshindwa. Akavuta kiti kilichokuwa ubavuni mwake, akakigeuza kuelekea mlangoni.

"Basi anza leo," alisema. "Kaa."